Kompyuta ya Mahari: Mshenga Aitwa Ndani

"Nani aliyeichagua?"

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana. Bi harusi Tuhfa kasimama katikati ya chumba cha wanawake pale kwao Chumbageni, kanga mkononi, vigelegele vimekatika ghafla kama mtu kazima redio. Kauliza neno hilo moja tu, basi.

Na Mzee Yakoub, baba mkubwa wa bwana harusi na mshenga wake, yuko nje ya pazia pamoja na wanaume wenzake, kikombe cha kahawa mdomoni. Kikombe hakukishusha. Maana jibu alikuwa nalo yeye, yeye na mtu mwingine mmoja, na huyo mwingine yeye mwenyewe alikuwa kamwapisha asiseme.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sogea hapa nikupe kwa kifupi.

Tuhfa alipoulizwa mahari yake hakutaka makochi, wala kitanda cha sita kwa sita. Akasema nataka kompyuta ya mezani, ya kufanyia kazi nyumbani. Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana mahari ni haki ya mwanamke, anataja akitakacho. Na binti ni mtu wa kuchapa: kadi za harusi, barua za majirani, mitihani ya madrasa.

"Kwa nini usitake laptopu?" baba yake, Mzee Tahiri, akamuuliza.

"Laptopu ina miguu, baba. Leo kaka kaazima, kesho shemeji, keshokutwa iko Mombasa. Ya mezani inakaa na mwenyewe."

Basi leo Ijumaa, baada ya adhuhuri, mahari imeletwa. Imekuja na matarumbeta, imefunikwa kanga mpya, vijana wameibeba wanahema kama wamebeba mbuzi wa kafara. Ndoa ni baada ya alasiri. Shekhe kashafika, kakaa barazani anajipepea. Kilichobaki ni Tuhfa kumpa baba yake idhini, na idhini ndiyo imekwama kwenye swali lile.

"Mshenga!"

Sauti ya Bi Mwamvua hiyo, shangazi yake bi harusi. Mwanamke huyu akiongea Chumbageni, Ngamiani wanasikia.

"Mshenga, unaitwa ndani! Usijifanye unakunywa kahawa, kikombe kitupu hicho, nakuona!"

Wanaume wakaangua kicheko. Mzee Yakoub naye akacheka, kicheko cha meno tu. Akavua makubadhi, akapita pazia.

Mashine ilikuwa juu ya meza. Lisipiyu jeusi, lile boksi lenyewe la kompyuta, kubwa kama makreti mawili ya soda yamepandana, kioo pembeni yake, na ubavuni taa za bluu na nyekundu zinakimbizana.

"Shikamoo baba mkubwa," Tuhfa akasema.

"Marahaba, mwanangu." Hakuweza kumtazama usoni. Akatazama hina ya mikono yake.

"Keti. Nataka tuitazame wote wawili."

"Atazame nini?" Bi Mwamvua akadakia. "Hii si kompyuta, hili friji! Mie nilitafuta mlango nitoe maji baridi."

Wanawake wakacheka. Tuhfa hakucheka. Akabonyeza kitufe, feni ikanguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

Wakasubiri.

Samira, binamu yake bi harusi, akaenda jikoni akamimina chai, akarudi, akaipuliza, akainywa. Mashine bado inawaza.

"Inatia udhu," Samira akasema.

Hapo hata shangazi akashika mbavu. Mzee Yakoub peke yake alikuwa anatokwa jasho. Kila feni ile ilivyozidi kunguruma, yeye aliona kama inamtaja jina.

Ilipowaka, Tuhfa akafungua kazi yake moja, kadi ya harusi ya watu wa Kigombe, ina maua na picha ya maharusi. Kikatokea kile kiduara, kikazunguka. Kikazunguka. Kikazunguka.

"Kazi yangu ndiyo hii, baba mkubwa. Mteja anakaa hapo kwenye kiti anangojea kadi yake. Huyu atangoja mpaka waachane."

"Labda... labda ina ugeni wa nyumba," Mzee Yakoub akasema.

"Njoo huku."

Akampeleka kwenye mlango wa ukumbi, ukutani ilipo mita ya luku. Kile kitaa chekundu kilikuwa kinapepesa mbiombio kama jicho la mtu aliyeingiwa na pilipili.

"Samira, zima!"

Samira akazima. Kitaa kikatulia, kikawa kinapepesa polepole, kwa adabu.

"Umeona? Umeme wenyewe wa kununua. Nikichapa mwezi mzima, chote nilichopata nimemlisha huyu. Na usiku mtoto kalala, feni inanguruma hivi, nani atalala? Na hapa mezani, nikiiweka hii, karatasi nitaweka kichwani?"

Mzee Yakoub akatafuta neno. Lililokuja likawa moja, tena dogo.

"Lakini ni kubwa."

"Ni kubwa," Tuhfa akakubali. "Kaichagua nani?"

Hata watoto waliokuwa wanagombea visheti wakaacha.

Sasa hapa ndipo mtu mzima alipojitumbukiza. Angesema kweli pale pale, yangekwisha kwa kicheko na soni kidogo. Lakini soni ile kidogo ndiyo iliyomshinda.

"Badru," akasema. "Bwana harusi mwenyewe."

Tuhfa akakaa kitini taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Badru?"

"Ndiyo, mwanangu. Vijana wa siku hizi wanapenda mataa."

"Badru jana kanipigia simu," Tuhfa akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila mtu aliisikia. "Kaniambia kanichagulia kadogo, kama kiboksi cha tende, kanafungwa nyuma ya kioo, hakana kelele, hakali umeme, kanawaka kabla hujajiweka sawa kitini. Kasema keshalipa, kako dukani, ni kuchukuliwa tu. Mie mwenyewe nikamwambia hako ndiko. Hako ndiko nilikokubali." Akaigusa ile mashine kubwa kwa kidole. "Kumbe alikuwa ananitania?"

"Huenda..."

"Shangazi, mwambie baba idhini sitoi. Mtu kanidanganya siku ya mahari, je, nikishakuwa ndani kwake?"

Bi Mwamvua keshajifunga kibwebwe, keshageukia mlango. Mzee Yakoub akaona harusi nzima inamwagika mbele ya macho yake, na aliyepiga teke sufuria ni yeye.

"Ngojeni!" akapiga kelele. "Ngojeni jamani, nimekumbuka! Si Badru. Ni yule wa dukani, Wilfred. Ndiye aliyenifungia mzigo. Kabadilisha!"

Bi Mwamvua akageuka polepole, mikono kiunoni.

"Mshenga. Kiboksi cha tende kimegeuka friji mikononi mwako, nawe hukushtuka?"

"Mie mtu wa mbata, Bi Mwamvua. Kompyuta nazijulia wapi? Nilipewa nikabeba."

Akajificha nyuma ya ushamba wake. Watu wakaamini, maana ni kweli Mzee Yakoub kasoma mpaka darasa la tatu tu, na maisha yake yote kanunua nazi kavu, mbata, kule Kigombe na vijiji vya jirani. Nani angemlaumu mzee wa mbata?

Lakini yeye alikumbuka vizuri. Jana jioni tu, dukani kwa Wilfred, Barabara ya Nane.

Wilfred alimtolea kile kidogo, akakiweka juu ya kiganja chake. Kikakaa pale kama msahafu mdogo.

"Hii ndiyo mahari?" Mzee Yakoub akauliza.

"Ndiyo hii mzee. Badru kachagua vizuri. Kwa matumizi ya nyumbani, bei hii hupati cha kukishinda."

Mzee Yakoub akawaza matarumbeta. Akawaza wanawake wa Chumbageni na simu zao juu, wanapiga picha. Akaiona ile kanga imelala juu ya sinia kama haikufunika kitu. Akawasikia: mbona hawa wameleta sabuni?

Kwenye pembe ya duka kulikuwa na ile kubwa.

"Na ile?"

"Ile kongwe, mzee. Imetumika ofisini huko Ulaya mpaka ikachoka. Taa nimetia mie ili vijana waipende. Bei ni moja na hiki, lakini nisikufiche, ukiipeleka nyumbani kwa mtu wa kazi atakulaani."

Mzee Yakoub hakusikia, au alisikia akaziba. Akaenda akaiinua kidogo. Nzito. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, kama alivyokuwa anagonga mbata.

Na mkono wake ukamwambia. Haki ya Mungu ulimwambia. Maana mnunuzi wa mbata gunia likiwa zito kupita kiasi halifurahii, hulitilia shaka. Uzito ule ni maji. Mwenye mali hakukausha, anataka alipwe maji kwa bei ya nazi. Mzee Yakoub karudisha magunia mangapi ya namna ile? Kagombana na watu wangapi? Leo gunia bichi limemsimamia mbele yake lina taa za rangi, na yeye analitamani.

"Nifungie hili," akasema. "Na Badru asijue mpaka liwe limefika. Wala mtu mwingine. Niahidi."

"Mzee Yakoub..."

"Mie sawa na babako, Wilfred. Niahidi."

Wilfred akaahidi.

"Mpigie," Tuhfa akasema sasa. "Huyo Wilfred. Weka sauti wote tusikie."

Bi Mwamvua akapiga. Simu ikaita. Mzee Yakoub akaomba dua isipokelewe, halafu akaona aibu kumsumbua Mungu kwa dua kama ile.

"Halo, Wilfred naongea."

"Wilfred, hapa ni Chumbageni kwa Mzee Tahiri. Wewe ndiye uliyebadilisha mahari ya mtoto wetu?"

Wilfred akakohoa.

"Tunasema na wewe!"

"Mzee Yakoub yupo hapo?" sauti ikauliza.

"Yupo, kakaa kama kuku wa kutaga. Jibu ulichoulizwa."

Mzee Yakoub akasikia kelele za bodaboda upande wa pili, na mtu anauliza bei ya chaja.

"Basi ni kosa langu, mama," Wilfred akasema. "Nimechanganya mizigo. Kile kidogo ninacho, nilikiweka pembeni. Nafunga duka nakileta mwenyewe, sasa hivi. Mnisamehe sana."

Akakata.

Mzee Yakoub akapumua. Kijana kashika ahadi. Kaibeba aibu isiyo yake, kamwita mama mtu anayemtukana. Ingekuwa afadhali angemwaga kila kitu.

"Haya, yamekwisha," Mzee Yakoub akasema haraka. "Mzigo unakuja. Tumsamehe kijana, binadamu..."

Bi Mwamvua alikuwa na simu mdomoni, anaisemesha kama anayesoma taarifa ya habari.

"...wanawake wenzangu, wa Chumbageni, wa Ngamiani, mpaka Mkwaja kama kuna mwenye masikio! Duka la Wilfred, Barabara ya Nane, ni la kitapeli. Kabadilisha mahari ya mwanetu, mchana kweupe, kamtapeli mzee asiyejua kusoma. Asiende mtu. Msinunue hata waya!"

"Bi Mwamvua, usiitume hiyo!"

"Nishaitupa kwenye grupu. Tazama, tiki mbili. Shemeji yenu Mwatumu, yule aliye huko kwa Badru, keshaisikiliza, naye ana magrupu yake."

Mbele ya macho yake Mzee Yakoub akaona lile duka, milango imefungwa, Wilfred kakaa kizingitini na vichaja vyake.

"Wilfred hana kosa," akasema.

Hakuna aliyesikia.

"Nasema Wilfred hana kosa! Wala Badru hana kosa! Ni mie!"

Sasa wakasikia.

Akayamwaga yote. Kile kidogo kiganjani, ile kongwe pembeni, onyo la Wilfred, mkono ulivyomwambia na yeye alivyouziba mdomo, na ile ahadi. Alisema anatazama mkeka. Bi Mwamvua akakilegeza kibwebwe chake.

Tuhfa ndiye aliyeuliza.

"Ulitaka nani aione, baba mkubwa?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa njiani, mwanangu. Wasiseme tumekuja mikono mitupu."

"Watu wa njiani washafika kwao wanakula," Tuhfa akasema. "Mie ndiye ningebaki nayo."

Mzee Yakoub akajifuta uso kwa kilemba.

"Shangazi, futa ile sauti."

"Nifute? Watasema nimehongwa!"

"Basi tuma nyingine."

Bi Mwamvua akaileta simu mdomoni. "Wanawake wenzangu... ile ya mwanzo... yaani..." Akaisukuma simu kwa Mzee Yakoub. "Wee sema! Uchafu wako, ufagie mwenyewe."

Mzee akaishika simu kwa mikono miwili, akaisemesha kwa nguvu kama anayemsemesha kiziwi.

"Assalaam alaykum. Mie Yakoub, mshenga. Yule Wilfred hana kosa. Nimebadilisha mie, kwa tamaa ya macho, nikamsingizia. Asimuudhi mtu. Basi."

Bi Mwamvua akabonyeza. Wote wakainamia kioo.

Tiki moja.

"Mbona moja?" Mzee Yakoub akauliza.

Bi Mwamvua akatazama, akatazama tena, akajipiga paja.

"Bando limekwisha."

"La hawla!"

"Si nimerusha picha za hilo friji lako tangu saa ile! Samira, nirushie bando, mbio!"

Samira akaanza kutafuta simu yake chini ya mito na mitandio. Tuhfa akasimama mbele ya Mzee Yakoub.

"Mie nimekusikia. Lakini kule nje yupo baba, yupo shekhe, wapo wazee wote. Nao wameshasikia kuwa kijana wa watu ni tapeli. Nenda kawaambie kama ulivyotuambia sie. Kisha idhini yangu nitaitoa."

Kutoka pazia mpaka barazani si mbali, mtoto anayetambaa anafika. Mzee Yakoub alipaona kama safari ya Pangani kwa miguu. Mzee Tahiri akamsogezea kiti.

"Vipi, mshenga? Mambo sawa?"

"Mzee mwenzangu," Mzee Yakoub akaanza, "nina neno."

Pikipiki ikakata breki mlangoni.

Aliyeshuka ni bwana harusi. Badru, kanzu ya ndoa, joho begani, kofia hana, jasho limemtota. Bwana harusi haji nyumba hii mpaka wakati wake ufike, kila mtu anajua. Shekhe mwenyewe aliacha kujipepea.

"Badru! Una wazimu? Nani kakwambia uje?"

"Keti, baba mkubwa, usihangaike. Nishaimaliza."

"Umemaliza nini?"

"Yule mwizi. Shemeji Mwatumu kanisikilizisha sauti, nikapanda pikipiki moja kwa moja. Nimemkuta anafunga duka anataka kukimbia."

"Alikuwa anakuja huku!"

"Nimemwasha makofi pale pale, mbele ya wateja wake. Na hakunijibu hata neno!" Badru akacheka, anawatazama wazee mmoja mmoja ili nao wacheke. "Angejibu nini, na mwizi ni yeye?"

Mzee mmoja akacheka. Wengine wakatazama mlangoni, maana palikuwa na mtu kasimama.

Alikuwa Wilfred. Mdomo umevimba, shati lina tone la damu kwenye ukosi. Kwapani kabana kiboksi, kadogo, kama cha tende kweli.

"Shikamooni, wazee," akasema.

Hakuna aliyeitikia haraka. Akavua viatu, akapita, akakiweka kile kiboksi mbele ya Mzee Tahiri.

"Mzigo wa bi harusi huu. Nilikuwa naufunga vizuri, ndiyo nikachelewa kidogo. Samahani."

Hapo kifua cha Mzee Yakoub kikapasuka.

"Msamaha usiombe wewe!" akasema kwa sauti, na mbele ya shekhe, mbele ya Mzee Tahiri, mbele ya wapiga tarumbeta waliokuwa wanangojea pilau, akayasema yote upya. Mara hii hakutazama mkeka. Alimtazama Wilfred. "Nimekusingizia, mwanangu. Nilikuwa naona haya kwa kiboksi kidogo. Nikakuacha wewe upigwe."

Wilfred akainamisha kichwa. "Nilikuahidi, mzee," akasema, hivyo tu.

Na Badru?

Akacheka tena.

"Sasa si ungesema mapema, baba mkubwa! Unatupa kazi bure!" Akampiga Wilfred begani. "Kaka, samahani bwana, yameisha. Kunywa soda. Shekhe, mzigo umefika, tuendelee, alasiri hiyo inaingia."

Mzee Tahiri akakichukua kile kiboksi, akakipitisha chini ya pazia.

Kule ndani zikasikika nyaya zinachomolewa, nyaya zinachomekwa. Wanaume wakategea sikio. Hapakuwa na mngurumo wowote.

"Haijawaka?" shekhe akanong'ona.

"Imewaka zamani!" Samira akajibu kutoka ndani. "Kadi ya Kigombe ishafunguka, na maua yake yote!"

Kigelegele kimoja kikatoka. Cha pili kikafuata. Mzee Yakoub akafumba macho. Alhamdulillahi, akawaza. Nimeumbuka, lakini nimeumbuka peke yangu.

"Baba."

Sauti ya Tuhfa hiyo, imesimama nyuma ya pazia. Vigelegele vikafa.

"Nakusikia, mwanangu," Mzee Tahiri akasema.

"Mahari yangu nimeiona. Ndiyo yenyewe niliyotaka, sina neno nayo."

"Basi sema umeniidhinisha."

"Bado, baba."

Badru akageuka kwenye pazia. "Tuhfa, kuna nini tena?"

"Nasema na baba," Tuhfa akamjibu, kwa upole kabisa. "Baba, mashine nimeiwasha nikaitazama kabla sijaipokea. Mtu sijamtazama hivyo. Nilimpokea kwa maneno ya mshenga. Alipokuja kuposa, mlimuuliza tabia ya kijana, akasema mpole, hana mkono wa kupiga. Leo kijana kampiga mtu asiye na kosa, hakuuliza, hakungoja, na akaambiwa kakosea akacheka. Naomba baba mkubwa Yakoub anijibu, hapa hapa, kabla ya adhana. Makofi haya ni hasira ya leo tu, au ndivyo alivyo?"

Macho yote yakamhamia mzee.

Badru naye akamtazama. Akamtabasamia, lile tabasamu Mzee Yakoub analolijua tangu mtoto anang'oa meno ya utotoni. Sema, baba mkubwa, lilisema lile tabasamu. Wewe ndiye babangu. Sema neno moja zuri, tukaoe.

Na Mzee Yakoub akamwona Tausi. Tausi mdogo wake Badru, ambaye leo watu wameambiwa ana homa ndiyo maana hakuja harusini. Hakuwa na homa. Alikuwa kwao Kigombe, kakaa ndani, sikio la kushoto halisikii tena tangu Badru alipompiga kofi mfungo wa mwaka jana, kwa sababu ya chai iliyochelewa. Wazee wa ukoo walikaa, wakayamaliza kifamilia. Aliyemwambia Tausi anyamaze, yule ni kakako, alikuwa Mzee Yakoub mwenyewe.

Huko msikitini mtu akagusa kipaza sauti, kikakoroma, adhana inakuja.

Mzee Yakoub akasimama. Tabasamu la Badru likaanza kupungua, maana naye anamjua mzee huyo.

"Mwanangu Tuhfa," akasema, "hiyo si mara yake ya kwanza. Na mie nilikuwepo."